Mgeni Alala Wapi? Kutoka Iwanza hadi Gesti, Njia ya Shinyanga na Geita

Ukishuka basi pale Kahama jioni, huendi mbali kabla hujasoma ukutani neno GESTI. Nyumba ya pili yake imeandikwa HOTELI. Lakini ukiingia katika hoteli hiyo ukaomba kitanda, pengine watu watacheka, maana hoteli ya kwetu mara nyingi ni mahali pa chai, maandazi, wali na maharagwe. Mahali pa kulala ni gesti, au nyumba ya wageni, au loji. Mtu wa Ulaya akifika hushangaa, kwani kwao hoteli ni nyumba ya vitanda.

Jambo hili ni dogo, ila nyuma yake iko historia ndefu. Twende basi pamoja, tuifuate njia ya Shinyanga mpaka Geita, tuone wasafiri wa nchi hii walilala wapi zamani na wanalala wapi leo. Nawe mzazi uliyeko kijijini usiseme, Hayo ni mambo ya watu wa mjini. Huenda mwanao amekwisha funga mzigo wake kwenda kwenye dhahabu, na usiku wa leo hujui kichwa chake kitalala juu ya mto wa nani.

IWANZA NA SHIKOME

Zamani za misafara, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wasafiri mashuhuri wa bara. Walichukua pembe za ndovu mpaka pwani, wakarudi na nguo na shanga, safari ya miezi mingi kwa miguu. Porini walilala ndani ya boma la miiba, moto katikati. Lakini katika vijiji vya Unyamwezi palikuwa na nyumba iliyoitwa iwanza. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliopita huko miaka ya 1857 na 1858, waliandika habari zake. Ilikuwa nyumba ya kijiji kizima. Wanaume walishinda humo wakizungumza na kuvuta tumbaku, na wengine walilala humo. Mgeni akiingia kijijini alikwenda moja kwa moja katika iwanza, akaketi, akangoja mkubwa wa mahali aje amwone na kumpa pa kukaa.

Iangalie vizuri desturi hii. Ni kweli kwamba misafara mikubwa ilidaiwa hongo na watemi, na mara nyingine yalizuka magomvi. Lakini mgeni hakujichagulia chumba na kujifungia. Alikaa mbele ya macho ya watu mpaka mwenyeji mmoja akubali kumchukua. Tangu hapo mgeni yule alikuwa na mtu wa kumjibia. Akiibiwa, mwenyeji ataulizwa. Akiiba yeye, mwenyeji ataulizwa vile vile.

Kwa Wasukuma nako, mgeni mwanamume alipelekwa penye moto wa jioni uitwao shikome, mahali pa wazee kufundisha vijana na kula pamoja. Hapo aliulizwa atokako na aendako, na habari za ukoo wake. Kabla usiku haujawa mkubwa, mji mzima ulimjua. Hata mithali yetu ya Kiswahili, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, yatokana na wazo hilo hilo: mgeni ni mtu wa nyumba, na mtu wa nyumba ana sehemu yake ya chakula na sehemu yake ya kazi.

Pwani pia ndivyo ilivyokuwa. Msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331. Aliandika kwamba chombo kilipotia nanga, vijana walikuja kwa mashua, kila mmoja na sinia ya chakula, wakampa mfanyabiashara na kusema kwamba huyo ni mgeni wao. Tangu hapo mfanyabiashara alilala nyumbani kwa mwenyeji wake. Mtu aliyemnunulia mali kwa bei ya kumpunja, au aliyefanya naye biashara mwenyeji asipokuwapo, biashara yake haikukubaliwa. Basi mwenyeji alimlinda mgeni wake hata sokoni.

MAPADRE WAFIKA WAKIWA WAGENI

Dini yetu katika nchi hii iliingia kwa mlango wa ugeni. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, ambao leo huitwa Wamisionari wa Afrika, ulitoka Bagamoyo mwaka 1878. Ulipita Unyamwezi na Usukuma, ukafika Kageye, kando ya Ziwa, mwisho wa Desemba mwaka ule ule. Padre Lourdel na Bruda Amans walitangulia Uganda kwa mtumbwi. Wenzao walibaki Kageye miezi kadhaa wakingoja mitumbwi ya Kabaka Mutesa. Kabla hawajabatiza mtu huku, walikuwa wageni waliolala katika nchi ya watu.

Mwaka 1891 mapadre walifungua misioni ya Ushirombo, ambayo sasa imo katika Mkoa wa Geita. Kama zilivyokuwa misioni nyingine za bara, ikawa mahali pa kutua kwa wapitao njia. Na misioni nyingi mpaka leo zina chumba cha wageni: kitanda, meza, msalaba ukutani, na jagi la maji. Kazi hii Kanisa halikuianza juzi. Mtakatifu Benedikto, karne ya 6, aliwaagiza watawa wake wampokee kila mgeni kama wanavyompokea Kristo mwenyewe, naye abati amwagie mgeni maji ya mikono.

Na hapa ndipo tunapopata asili ya neno hoteli. Katika Kilatini, hospes ni mgeni, na tena ni mwenyeji. Neno ni moja kwa wote wawili. Kutoka neno hilo lilitokea jina la nyumba ya kupokea wageni na wagonjwa. Wazungu wakaligawanya jina hilo, wakapata hospitali upande huu, na hoteli upande ule. Kumbe nyumba hizi mbili ni ndugu wa mama mmoja! Zote mbili zilianza kwa kumhurumia mtu aliye mbali na kwao.

UFUNGUO WACHUKUA NAFASI YA MWENYEJI

Je, hoteli za kulipia zilianzaje? Nyumba za kulala kwa fedha ni za kale. Yule Msamaria mwema alimlipia majeruhi dinari 2 katika nyumba ya wageni. Lakini kwa karne nyingi, katika nyumba hizo za Ulaya na Marekani, mtu alilala chumba kimoja na wageni asiowajua, na pengine kitanda kimoja nao. Mwaka 1829 ilifunguliwa hoteli ya Tremont House katika mji wa Boston, Marekani. Huko msafiri alipewa chumba chake peke yake, mlango wenye kufuli, na sabuni. Watu walistaajabu. Tangu wakati ule ufunguo ulianza kuchukua nafasi ya mwenyeji.

Hoteli za namna hiyo zilifika kwetu pamoja na wakoloni. Nairobi ilifunguliwa Norfolk mwaka 1904. Dar es Salaam Wajerumani walijenga Kaiserhof mwaka 1906, ambayo baadaye Waingereza waliiita New Africa. Lakini siku hizo Mwafrika aliingia humo kwa kubeba mizigo na kutandika vitanda. Kulipa na kulala hakuruhusiwa. Milango hiyo ilikuja kufunguka kwa watu wote baadaye.

Huku kwetu Shinyanga mambo yaliletwa na reli. Njia ya Tabora mpaka Mwanza ilimalizika mwaka 1928, nayo inapita Isaka na Shinyanga. Treni haingoji mtu, na pengine humwacha abiria stesheni usiku wa manane. Maofisa wa serikali walikuwa na nyumba zao za kupumzikia. Mwananchi mwenye tiketi ya daraja la tatu alilala barazani, mzigo chini ya kichwa, au alimtafuta ndugu wa ukoo. Kando ya stesheni na masoko ndipo palipochipuka vibanda vya chai, vikaitwa hoteli. Waliokuwa na hoja ya kwanza ni wenye njaa, na jina likawakalia hivyo hivyo mpaka leo.

KAMBI NDANI YA UA

Tukitoka mjini Shinyanga kuelekea Mwanza, tunafika Maganzo, na karibu yake ni Mwadui. Hapo John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Palijengwa mji mzima ndani ya ua: nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, hata uwanja wa ndege. Mgeni hakuingia ila kwa ruhusa getini.

Kule Geita mgodi wa dhahabu ulifanya kazi tangu mwaka 1936 mpaka 1966, ukafungwa. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Migodi hii ina kambi zake: vyumba safi, chakula kwa saa, na mlinzi mlangoni. Ni namna nyingine ya makazi ya wageni. Ndani ya ua mtu ana kitanda kwa sababu ana kazi. Kazi ikiisha, kitanda nacho kimeisha.

Lakini vijana wengi waendao kwenye dhahabu hawaajiriwi na migodi hiyo mikubwa. Huenda kwa wachimbaji wadogo: Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na kwingineko. Habari zikienea kwamba dhahabu imeonekana mahali fulani, watu humiminika. Wenyewe huita rashi. Kwa siku chache pori hugeuka kuwa mji wa miti na maturubai. Kijana hulala juu ya kiroba karibu na duara lake, ili mwamba usiibiwe. Mvua ikinyesha, yeye na godoro wanalowa pamoja. Rashi ikihama, mji huo nao huhama, na anayemtafuta mtoto wake hapati hata jirani wa kumwuliza.

GESTI, NA GESTI BUBU

Sasa tushike njia kuu. Kutoka Tinde tunapita Isaka na Kahama, halafu Masumbwe, Ushirombo, Runzewe. Hii ndiyo njia ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Madereva ni watu wa kulala njiani, na gesti nyingi zimejengwa kwa ajili yao. Toka Runzewe tunapanda Bwanga na Buseresere mpaka Katoro, mji wa biashara usiolala mapema, kisha Geita. Huko gesti zimepangana kama maduka.

Gesti ya kawaida waijua. Ua katikati, vyumba pande mbili, ndoo na kandambili, neti juu ya kitanda. Mezani liko daftari la wageni: jina, kazi, atokako, aendako, siku ya kuondoka. Wengine huliona daftari hilo ni usumbufu, wakaandika jina la uongo. Mimi nakuambia, msomaji, daftari hilo ndiyo iwanza ya siku hizi. Yale maswali ya wazee penye shikome yamehamia katika mistari yake. Usiku ukipatwa na homa kali, au moto ukiwaka, au ndugu zako wakikutafuta, ni daftari hilo litakalosema kwamba ulilala humo.

Watu wa mjini wana jina la nyumba isiyo na leseni wala daftari. Huiita gesti bubu. Ni jina la kweli kabisa! Nyumba hiyo haisemi. Haikuulizi wewe ni nani, nawe usidhani hiyo ni heshima. Hujaulizwa kwa sababu hapana mtu aliye tayari kukujibia. Mwizi na mzinzi huipenda kwa sababu hiyo hiyo. Humo ndimo mwanafunzi huingizwa mchana na mtu mzima mwenye fedha ya dhahabu mfukoni, na mwenye nyumba hutazama ukutani. Ajue basi kwamba sheria yetu tangu mwaka 2016 humtia gerezani miaka 30 ampaye mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Na mwenye chumba akiponyoka mbele ya hakimu, mbele ya Mungu haponyoki.

Lakini tusiwalaumu wenye gesti wote. Wako wajane waliosomesha watoto kwa vyumba 4 tu, nao hulala macho kwa ajili ya wageni wao. Mgeni akichelewa kuamka hugonga mlango na kuuliza kama yu mzima. Mwanamke wa namna hiyo, ijapokuwa anapokea fedha, ni mwenyeji hasa.

Ajabu ni kwamba hata nchi tajiri, zenye hoteli za nyota 5, zimeanza kurudi nyuma kumtafuta mwenyeji. Mwaka 2007 katika mji wa San Francisco, vijana waliokosa fedha za pango walitandika magodoro 3 ya kujaza upepo chumbani mwao, wakapokea wageni 3 kwa malipo. Hapo ndipo ilipoanza kampuni ya Airbnb, ambayo leo hupangisha nyumba za watu duniani kote kwa njia ya simu. Mgeni humtolea mwenyeji ushuhuda, mwenyeji naye humtolea mgeni. Kumbe bado wanauliza swali la iwanza: Nani anamjua mtu huyu?

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, mtoto akitaka kwenda kwenye machimbo au mjini, usimwulize tu atafanya kazi gani. Mwulize usiku wa kwanza atalala wapi, na kwa nani. Asipoweza kujibu, safari yake haijawa tayari. Simu moja kwa ndugu au jirani aliyeko huko ni nafuu kuliko machozi.

Pili, mpatie barua ya utambulisho kutoka jumuiya yenu ndogo na parokia. Akifika atafute jumuiya ya mahali. Wako Wakristo katika miji hiyo yote, na Geita ni jimbo tangu mwaka 1984. Nasi tulioko mijini tusimwangalie mgeni mlangoni mwa kanisa kama mtu wa njiani. Dakika tano baada ya Misa zatosha kumwuliza jina.

Tatu, kijana afike mchana. Akilala gesti, atazame mlango una komeo, dirisha linafunguka, na neti haijachanika. Aombe risiti. Aandike jina lake la kweli. Na wakati wa baridi asiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, maana hewa ya mkaa haina harufu ya kumwonya mtu, nayo huua usingizini.

Nne, nasema juu ya binti zetu. Akija mtu kijijini kuwachukua wasichana kwa kazi za gesti au hoteli, mzazi usiangalie nguo zake nzuri. Uliza jina la mwenye nyumba, mshahara, na chumba atakacholala binti. Kazi ya kutandika na kufua ni kazi ya heshima. Lakini msichana alalaye ukumbini mwa gesti bila mlango wake mwenyewe amewekwa pabaya tangu siku ya kwanza.

Tano, wewe uliyefungua gesti, au unayefikiri kufungua, kata leseni, weka daftari, na usikodishe chumba kwa saa. Utapata wageni wachache mwanzoni, lakini watakuwa wageni wa kweli, nao watarudi.

Safari yetu imalizikie Busisi. Kwa miaka mingi aliyetoka Geita kwenda Mwanza alivuka hapo kwa kivuko. Aliyechelewa cha mwisho alilala ng'ambo hii, garini au barazani kwa mtu, akisikiliza mawimbi. Mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja kubwa la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Sasa gari huvuka kwa dakika chache. Ni neema kubwa, hasa kwa wagonjwa. Ila barabara zikifupika hivi, nasi pia twaweza kuzoea kupita karibu na watu bila kuwajua.

Wale wafuasi wawili wa Emau walitembea na mtu wasiyemjua. Jua lilipokuchwa wangeweza kumwacha aende zake. Walimshika, wakamsihi alale kwao. Na mezani, alipoumega mkate, wakamtambua. Msomaji mpendwa, usiku wa leo kabla ya kufunga mlango, ongeza katika sala ya jamaa neno moja kwa ajili ya walio njiani, nawe ulizia kama mgeni aliyeonekana kijijini mwenu amekwisha pata pa kulala.